Dola 952,000 kwa mafungu 106: kisa cha Spika aliyefungwa kwa kutoa pesa zake mwenyewe

Mwezi Julai 2012, mzee wa miaka 70 katika jimbo la Illinois, Marekani, alibadili namna yake ya kutoa pesa benki. Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka miwili hivi, alikuwa akiingia, anaomba dola 50,000 taslimu, anahesabiwa, anaondoka. Alifanya hivyo mara 15. Kuanzia Julai hiyo hakuomba tena 50,000. Akawa anatoa chini ya 10,000, anarudi baada ya siku chache, anatoa tena chini ya 10,000. Hadi mwisho wa 2014 alikuwa ametoa pesa kwa namna hiyo mara 106, jumla dola 952,000. Ukigawanya unapata karibu dola 8,980 kwa kila safari. Alikuwa akiukaribia mstari bila kuuvuka hata mara moja.

Pesa zilikuwa zake. Hakuna mwendesha mashtaka aliyedai kwamba zilitokana na wizi, dawa za kulevya au rushwa. Lakini Aprili 2016 alihukumiwa kifungo cha miezi 15, na kosa lililoandikwa kwenye hukumu lilikuwa ile namna ya kuzitoa.

Mzee huyo ni Dennis Hastert, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia Januari 1999 hadi Januari 2007. Hakuna Spika wa chama cha Republican aliyekaa muda mrefu kuliko yeye kwenye kiti kile. Na sababu ya kuzitoa pesa zile ilikuwa mbaya kupita uhalifu wowote wa kibenki ninaoujua. Ndiyo maana nimekichagua kisa hiki kuzungumzia usiri wa pesa za mteja. Ni rahisi kuutetea usiri ukiwa na mfano wa mjane mwema anayenyanyaswa na benki. Hapa mteja ni mtu ambaye sina hata chembe ya huruma naye, na bado nadhani sheria ilimshika pasipostahili.

Tuanze na pesa zilikuwa za nini. Kabla ya siasa, Hastert alikuwa mwalimu na kocha wa mieleka katika shule ya sekondari ya mji wa Yorkville, kuanzia 1965 hadi 1981. Waendesha mashtaka walieleza mahakamani kwamba aliwadhulumu kingono wanafunzi wasiopungua wanne. Mmoja wao, ambaye hati ya mashtaka ilimwita "Mtu A" tu, alikuwa na miaka 14. Miongo ikapita. Mwaka 2010 Mtu A, sasa mtu mzima, alionana na Hastert, na baada ya mazungumzo wakakubaliana kwamba atalipwa dola milioni 3.5 kwa yale aliyotendewa. Mtu A alipendekeza walete wanasheria na mambo yaandikwe. Hastert alikataa. Alitaka taslimu, bila karatasi.

Hapo ndipo safari za benki zilipoanza: dola 50,000 kila baada ya wiki sita hivi.

Sasa sheria. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozitaka benki kuweka kumbukumbu na kuijulisha serikali kuhusu miamala mikubwa ya pesa taslimu. Kiwango kikawa dola 10,000. Mteja anayeweka au kutoa zaidi ya hapo kwa taslimu, benki inajaza fomu na kuipeleka serikalini. Kwa thamani ya wakati ule, dola 10,000 zilikuwa bei ya magari mawili au matatu mapya. Kufikia wakati wa Hastert, mfumuko wa bei ulikuwa umeishusha thamani hiyo karibu mara sita, lakini mstari haukusogezwa, na mpaka leo uko palepale. Fomu hizo sasa zinapita milioni 20 kwa mwaka.

Fomu yenyewe si tuhuma. Muuza magari chakavu hujaziwa, kanisa hujaziwa, mtu anayenunua ng'ombe mnadani hujaziwa. Kwa hiyo mara 15 alizotoa 50,000, jumla 750,000, Hastert hakuvunja sheria yoyote. Angeendelea vile hadi milioni 3.5 zote, fomu zingeongezeka kwenye kompyuta za serikali na huenda zisingetazamwa na mtu.

Lakini mwaka 1986 Marekani iliongeza kipengele kingine: ni kosa la jinai kugawanya miamala yako kwa kusudi la kuikwepa ile fomu. Si lazima pesa ziwe haramu, wala kodi iwe imekwepwa. Inatosha kwamba ulijua fomu ipo na ukagawanya ili isijazwe.

Aprili 2012 wafanyakazi wa benki walimuuliza Hastert kuhusu zile 50,000. Sera ya benki na kanuni za serikali ziliwataka waulize. Nikikisoma kisa hiki, macho yangu hurudi kwenye swali hilo kila mara. Kabla yake hakuna kosa la kibenki. Baada yake, kuanzia Julai, kosa linaanza. Alichokuwa akikikimbia hasa ni sura ya mtu upande wa pili wa meza anayemwuliza, "Hizi ni za nini?"

Nimewahi kukaa upande huo wa pili. Nilikuwa keshia katika benki moja ya Mombasa wakati fomu ya milioni ilipoanza kwetu mwaka 2016, pale Benki Kuu ya Kenya ilipozitaka benki zimwulize mteja anayeweka au kutoa zaidi ya shilingi milioni moja: zimetoka wapi, zinakwenda kwa nani, za shughuli gani. Siku hizo shilingi milioni moja ilikuwa karibu sawa na dola 10,000. Mzee mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alikuja kutoa milioni na laki mbili. Nikamwambia, "Mzee wangu, lazima niandike za shughuli gani." Akasema, "Za nyumbani, mwanangu." Nikamwambia "za nyumbani" haitoshi, mkaguzi atairudisha. Akainama kwenye kile kitundu cha kioo akanong'ona. Sikusikia. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti, na foleni nzima ikasikia kwamba mkewe anapelekwa India kufanyiwa upasuaji wa titi.

Niliandika neno moja kwenye nafasi isiyozidi upana wa kidole: "matibabu". Akashukuru, akaondoka bila kututazama. Wiki mbili baadaye alirudi na kutoa laki tisa. Kesho yake akatoa laki tisa nyingine. Nilielewa kwa nini, na sikumwandikia ripoti yoyote. Mpaka leo najiuliza kama nilitenda sawa, kwa sababu kazi yangu haikuwa kumsoma mtu moyo. Ila najua kwamba kwa kipengele kile cha Marekani cha 1986, mzee yule alikuwa na kosa lilelile la Hastert: alikuwa anaijua fomu, na aligawanya ili asiulizwe tena mbele za watu.

Turudi Illinois. Uchunguzi wa shirika la upelelezi FBI na mamlaka ya kodi ulianza 2013. Desemba 2014 wapelelezi walimwendea Hastert nyumbani, wakamwuliza anazifanyia nini pesa anazozitoa. Akawaambia haamini mfumo wa benki, anaziweka mwenyewe. Huo ulikuwa uongo. Baadaye, kupitia wakili wake, akadai kwamba anatishwa na mtu anayemzushia ili ampe pesa. Wapelelezi walilichukua dai hilo kwa uzito, wakarekodi mazungumzo ya simu kati yake na Mtu A kwa ridhaa ya Hastert mwenyewe. Walichosikia hakikufanana na mtu anayetisha. Mwathirika alikuwa anadai kitu walichokubaliana, na tangu mwanzo alitaka kiwe mikononi mwa wanasheria.

Mei 2015 mashtaka yalifunguliwa, mawili tu. La kwanza, kugawanya miamala ili kukwepa taarifa ya benki. La pili, kuwadanganya wapelelezi wa serikali. Dhuluma dhidi ya watoto haikuwemo, kwa kuwa sheria ya Illinois ilikuwa na ukomo wa muda wa kufungua mashtaka ya aina hiyo, na ukomo ulikuwa umepita zamani. Oktoba 2015 Hastert alikiri kosa la kwanza kwa makubaliano, na la pili likaondolewa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna kisa hiki kinavyosimuliwa. Wengi husema mfumo ulifanya kazi: benki iliuliza, serikali ikafuatilia, mtenda maovu akaumbuliwa. Upande wa pili husema serikali iliingiza mkono mfukoni mwa mtu bila haki. Mimi nauliza kwa nini, kati ya makosa mawili, lilibaki lile la kutoa pesa na likaachwa lile la uongo. Kumdanganya mpelelezi anayeuliza swali halali ni kosa ambalo mtu yeyote analielewa bila kufundishwa sheria ya benki. Ni tendo lenye mhanga pia, maana uongo ule ndio uliofungua njia ya kumgeuza mwathirika kuwa mtishaji. Lakini kosa lililoandikwa kwenye jalada ni lile ambalo mzee wangu wa Mombasa angeliweza kulitenda kwa kuona haya.

Jaji Thomas Durkin hakujifanya kutoona. Mwongozo wa adhabu kwa kosa lile ulipendekeza kuanzia kutofungwa kabisa hadi miezi sita. Yeye alitoa miezi 15, faini ya dola 250,000, na matibabu ya lazima kwa wakosaji wa kingono baada ya kifungo. Hastert aliletwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu, na jaji akamwita mnajisi sugu wa watoto. Kila mtu katika chumba kile alijua anaadhibiwa kwa lipi. Karatasi tu ndiyo iliyosema lingine. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifurahi, nikasema amepata. Kisha nikakaa nalo. Jaji anapoadhibu jambo moja kwa kutumia jina la jambo jingine, leo limempata mnajisi. Kipengele hichohicho kilikuwa tayari kimewapata watu wa namna nyingine kabisa.

Chukua mwanamke mmoja wa Iowa aliyeendesha mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa anapokea taslimu tu na kuziweka benki mara kwa mara, chini ya 10,000, kwa kuwa mauzo yake yalikuwa ya kiasi hicho na alidhani anawapunguzia makeshia kazi ya makaratasi. Mwaka 2013 mamlaka ya kodi ilichukua karibu dola 33,000 kutoka kwenye akaunti yake. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Ilibidi apigane ndipo arudishiwe. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa serikali anayeisimamia mamlaka hiyo alipitia sampuli ya uchunguzi 278 wa aina hii, na akakuta kwamba katika asilimia 91 pesa zilikuwa zimepatikana kihalali. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa: mamlaka ya kodi haiwezi tena kuchukua pesa kwa sababu ya kugawanya miamala tu, ila kama zimetokana na uhalifu au zinaficha uhalifu mwingine. Ulinzi huo unahusu kuchukuliwa pesa. Kosa la jinai lenyewe, alilofungiwa Hastert, bado lipo.

Kuna wakati Mahakama ya Juu ilijaribu kulipunguza makali. Mwaka 1994 ilikuwa mbele yake kesi ya mcheza kamari aliyekuwa na deni la dola 160,000 katika kasino moja ya Reno, Nevada. Alikwenda na dola 100,000 taslimu, akaambiwa zitaripotiwa. Basi kasino yenyewe ikampa gari la kifahari na mfanyakazi wa kumsindikiza, wakazunguka benki hadi benki wakinunua hundi za chini ya 10,000 kila moja. Kwa kura tano dhidi ya nne, majaji walisema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua kugawanya huko ni kosa, maana si jambo ambalo dhamiri peke yake inamwambia mtu kuwa ni uovu. Mwaka huohuo Bunge likaibadilisha sheria na kuliondoa sharti hilo. Kwa maoni yangu majaji watano walikuwa sahihi na Bunge lilikosea.

Na kwa nini mteja hana cha kujitetea nacho? Kwa sababu ya uamuzi mwingine wa mahakama hiyohiyo, wa 1976, uliosema kwamba kumbukumbu za akaunti yako ni mali ya benki, na kwa kuwa umeipa benki habari zako kwa hiari, huwezi kutarajia ziwe siri yako. Kwa hiari! Mtu anayepokea mshahara, anayelipa karo, anayelipa kodi ya nyumba, hiari yake iko wapi? Miaka miwili baadaye Bunge lilirudisha sehemu ya ulinzi huo kwa sheria ya usiri wa fedha, yenye mianya mingi. Juu ya hayo, benki inapoandika taarifa ya kumtilia mteja shaka, imekatazwa kumwambia. Naelewa sababu: ukimwambia mwizi kwamba unamtazama, atakimbia. Lakini asiyekuwa mwizi naye hajui lolote, na hawezi kusahihisha kilichoandikwa juu yake.

Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, sheria ya kupambana na ugaidi ilizipa benki wajibu mkubwa zaidi wa kuwajua wateja wao na kuripoti wanachokitilia shaka. Baraza la Wawakilishi liliipitisha Hastert akiwa Spika.

Kwetu Kenya swali hili lina sura yake. Ile fomu ya milioni haikuletwa bure. Ilikuja baada ya wizi wa mamia ya mamilioni katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambako vitita vya taslimu vilitolewa benki na hakuna aliyeuliza. Wizi wa pili ulipofichuka huko huko, Benki Kuu iliziadhibu benki tano Septemba 2018 kwa jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa kushindwa kuripoti. Nilikuwa bado kaunta, na faini zile zilibadilisha sauti ya mameneja wetu. Kabla yake tulikuwa tunauliza. Baada yake tulikuwa tunahoji. Kosa la keshia anayeuliza kidogo lina bei inayojulikana. Kosa la keshia anayemwaibisha mzee mbele ya foleni halina bei.

Na Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya faragha pasipo na lazima. Maneno hayo, "pasipo na lazima", yalipaswa kubandikwa kwenye kila kaunta. Ni lazima kujua pesa zimetoka wapi, hilo nalikubali bila shaka yoyote. Kujua kama zinakwenda hospitali au kwenye mahari si lazima, na kama ni lazima, kuna chumba cha nyuma chenye mlango. Mteja aambiwe kabla ya kuulizwa kwamba fomu hii si tuhuma na nani ataisoma. Maneno hayo hayachukui dakika moja. Na anayeikwepa fomu aulizwe tena, achunguzwe ikibidi, lakini asifungwe mpaka kipatikane kile anachokificha na kiwe kweli ni kosa.

Mtu anaweza kuniambia: kwa mpango wako huo Hastert angetoroka. Asingetoroka. Benki ingemuuliza vilevile, taarifa ingekwenda vilevile, wapelelezi wangegonga mlango uleule, na angesema uongo uleule, uongo ambao ni jinai kamili na ambao alishtakiwa kwa huo. Hukumu ingekuwa ya uongo wake. Na kile ambacho hakuna sheria ya benki ingeweza kukiponya kilikuwa ukomo wa mashtaka, ule uliomlinda miaka yote hiyo. Hilo Illinois ilikuja kulitengeneza: Agosti 2017 jimbo liliondoa ukomo wa muda kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto. Sheria hiyo haikumgusa Hastert, ambaye alikuwa ametoka gerezani mwezi mmoja kabla.

Mtu A alikuwa amelipwa dola milioni 1.7 wakati FBI walipoingia. Aprili 2016 alifungua kesi ya madai kudai milioni 1.8 zilizobaki. Kesi ilivutana kwa zaidi ya miaka mitano. Septemba 2021, siku chache kabla ya kuanza kusikilizwa, pande mbili ziliafikiana nje ya mahakama, safari hii kupitia wanasheria, kama alivyotaka tangu 2010. Kiasi alicholipwa hakikutangazwa.